Ekzosi za Baba Yake Aili

Kila siku basi la shule lilipomshusha Aili Kangas kwenye kona ya mtaa wao, kazi zake zilikuwa zilezile. Alikung'uta theluji kwenye viatu, akanywa bilauri ya maziwa kwa kipande cha mkate wa iliki, kisha akachukua koleo na kusafisha njia ya kutoka mlangoni hadi barabarani. Katika mji wa Vesala, kando ya Ziwa Superior kaskazini mwa Marekani, theluji haina haya. Ukiifukuza leo, kesho imerudi na ndugu zake.

Majira yale ya baridi Aili alijiongezea kazi nyingine ambayo hakutumwa na mtu yeyote. Alikuwa akimchunguza baba yake.

Baba yake, Dale, aliendesha gari la kuondoa theluji barabarani. Aliondoka alfajiri na kurudi mchana. Zamani alikuwa mlevi, tena mlevi wa kupigiwa mfano. Siku moja alimsahau Aili kwenye uwanja wa kuteleza barafuni mpaka mlinzi akampigia mama yake simu. Mama, ambaye jina lake ni Carol, hakugombana. Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyotisha, "Ukigusa chupa tena, mimi na mtoto tunahamia kwa mama yangu." Dale akaacha. Kila Alhamisi alikwenda kanisani kwenye kikao cha walioacha pombe, na nyumba ikapata amani. Aili aliipenda amani ile kupita kiasi, akaogopa kuipoteza.

Gereji yao ilishikamana na jikoni. Ndani yake ilikaa pikipiki kuukuu ya safari ndefu, nzito kama ng'ombe, yenye kioo kipana mbele na masanduku mawili ubavuni. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ilikuwa imezila ekzosi zake zote mbili, yale mabomba ya kutolea moshi. Ukizigonga kidogo tu, kutu inamwagika sakafuni. Mama alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu ilimkumbusha marafiki wa baa. Baba hakutaka.

Kisha Baba akaanza kujifungia humo kila alasiri.

Siku moja Aili alimwona akiingia na mfuko chini ya koti. Ndani ya mfuko vitu viligongagongana, na Aili aliikumbuka sauti hiyo tangu enzi za chupa.

"Baba, umebeba nini?"

"Vyuma."

"Mbona umevificha?"

"Nani kaficha? Hebu kamalize hesabu zako, askari wa upelelezi wewe!" Baba akacheka, akafunga mlango nyuma yake.

Jioni hiyo Baba hakumaliza chakula. Alishika kichwa kwa mikono miwili, macho mekundu. Alisimulia habari ya lori lililokwama, na kabla hajamaliza supu akaisimulia tena upya.

"Ni mafua tu," alisema alipoona wanamtazama.

"Mafua yanayokuja jioni tu," Mama akajibu, akaondoa sahani.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Katika nyumba ile waliwahi kuumwa wote, na kila mmoja alishtuka kivyake, kimya kimya.

Ndani ya basi, Aili alimnong'oneza rafiki yake Marcy.

"Mjomba wangu alikuwa anaficha yake ndani ya buti," Marcy alisema. "Katafute kwenye mabuti."

"Lakini baba yangu ameacha."

"Wote huwa wameacha, Aili, mpaka chupa ionekane."

Aili aliona aibu kwa maneno yale, lakini alipofika nyumbani alitia mkono ndani ya buti moja baada ya nyingine. Alipata soksi zenye kunuka na kokoto. Hakupata nafuu hata kidogo, maana mtu mwenye shaka asipokuta kitu husema kimefichwa vizuri.

Siku hiyohiyo jirani yao, Bibi Hautala, alimwita kutoka upande wa pili wa uzio. "Aili! Mwambie baba yako asante kwa kufunga mlango. Ile pikipiki yake ilikuwa inakohoa mpaka vikombe vyangu vinacheza kabatini!"

"Nitamwambia, Bibi," Aili akajibu. Moyoni alisema: kumbe pikipiki ndiyo kisingizio chake.

Wiki iliyofuata baridi iliuma kuliko siku zote. Mama alikuwa zamuni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aili alipomaliza kuondoa theluji alisikia injini ikinguruma ndani ya gereji. Mlango mkubwa ulikuwa umefungwa, na Baba alikuwa ameziba mwanya wa chini kwa blanketi ili upepo usipenye. Aili akapitia mlango mdogo wa jikoni.

Baba alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye gurudumu, miguu ameinyoosha. Uso ulikuwa mwekundu. Alimtazama Aili akatabasamu kipumbavu.

"Ai... Aili. Njoo usikie. Inaimba." Ulimi wake ulikuwa mzito.

Aili alilijua tabasamu lile. Ndilo lililokuwa likimjia nyumbani zamani, limechelewa, limebeba pipi za kuomba msamaha. Alirudi jikoni akaufunga mlango, akalia kwa hasira. Kwa hiyo wangehama. Angeiacha shule yake, angemwacha Marcy, na angemwacha baba yake pale sakafuni. Na alale, aliwaza. Mwenyewe ametaka.

Kisha akawaza jambo jingine. Mama akirudi, Baba atakana. Bila chupa mkononi, atakayeonekana mwongo ni yeye, Aili. Akapangusa machozi akarudi kuitafuta.

Baba sasa alikuwa amefumba macho. Injini bado ilinguruma. Gereji ilinuka petroli na moshi, lakini ilinuka hivyo siku zote. Aili akapekua sanduku la vifaa. Akapekua rafu ya rangi na masanduku ya pikipiki. Akaukuta ule mfuko akaumwaga chini. Vikatoka vipande vya bomba na vibano vya chuma. Kando yake palikuwa na makopo ya maharage yaliyokatwa na kukunjuliwa. Aliinama akaziona ekzosi: sehemu zilizooza zilikuwa zimekatwa, bomba limeungwa mahali pake, na bati la makopo limezungushwa juu na kubanwa. Chupa haikuwepo.

Kichwa chake kilianza kupwita. Akamwinamia Baba akamnusa mdomo. Ulinuka kahawa.

Aliposimama, sakafu ilimyumbia. Alinyoosha mkono ashike rafu, mkono ukaikosa. Kichefuchefu kikampanda. Alikuwa akiyumba kama baba yake alivyokuwa akiyumba zamani, na yeye hakuwa amekunywa kitu ila bilauri ya maziwa.

"Ni moshi!" Aili alisema kwa sauti. "Baba, ni moshi! Amka!"

Baba hakuamka. Aili akaizima pikipiki kwa ufunguo, akatambaa akiegemea ukuta hadi kwenye kitufe cha mlango mkubwa, akakibonyeza. Mlango ukapanda polepole, na upepo wa ziwani ukaingia na theluji yake. Akamshika Baba makwapani akavuta. Hakusogea. Akatoka nje akapiga kelele kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Bibi Hautala alikuja mbio na ndala za ndani, mwiko mkononi, akautupa chini. "Mlaze kwenye blanketi! Vuta upande huo, mjukuu wangu! Vuta!" Wakamvuta hadi kwenye theluji, na Bibi akaita gari la wagonjwa huku akimpigapiga Dale mashavuni na kumtukana kwa Kifini, lugha ya wazee wake.

Hospitalini, Baba na Aili waliwekwa vifuniko vya hewa safi usoni. Mama alifika na sare yake ya kazini. Aili alimsikia akimuuliza daktari kwa sauti ya chini, "Alikuwa amekunywa?"

"Hakuna hata tone," daktari alijibu. "Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyoonekana. Kwenye chumba kilichofungwa, hata ekzosi mpya inaua, sembuse hizi zilizofungwa makopo, kama alivyonieleza binti yako. Amekuwa akiivuta kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, ulimi unakuwa mzito. Ukimwona utasema amelewa. Mngechelewa kidogo tu, angekufa."

Mama aliketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akajifunika uso kwa mikono.

Baba alipoweza kuzungumza, alisema kwa aibu, "Nilitaka majira ya joto nimvushe Aili daraja kuu la Mackinac kwa pikipiki ile. Kila siku nilikuwa nawasha nisikie kama ekzosi zimetulia. Nilifunga mlango kwa sababu ya baridi, na nisimsumbue Bibi Hautala. Nilijua ukisikia utasema niiuze, Carol, ndiyo maana nikaficha."

Aili hakuweza kuvumilia tena. "Baba, mimi nilikuona mapema. Nikadhani umelewa. Nikafunga mlango nikakuacha. Niliporudi nilikuwa natafuta chupa tu."

Baba alimtazama, machozi yakimteremka kando ya masikio.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kudhani hivyo," alisema. "Usiubebe mzigo huo peke yako."

Mama akawashika mikono wote wawili. "Hata mimi nina langu," alisema. "Kazi yangu ni kuuguza watu. Kila jioni nilimwona mume wangu anaumwa, na badala ya kumuuliza anaumwa wapi, nilimnusa. Sikiliza, Aili. Shaka humjia kila mtu. Ikikujia, ipeleke kwa mwenyewe mapema, umuulize uso kwa uso. Ukiifungia moyoni inakuziba macho, na mtu anaweza kufa mbele yako huku unatafuta kosa lake. Na wewe, Dale, siri yako ilikuwa nzuri, lakini umeifanya kwa njia ya mtu anayeficha ubaya. Kuanzia leo injini haiwashwi ndani ya mlango uliofungwa. Hata dakika moja. Hata baridi iwe ya kuua."

"Nimekoma," Baba alisema.

Aili akasogeza kiti chake karibu na kitanda. Lilikuwa swali dogo, na alikuwa amechelewa sana kuliuliza.

"Baba, kichwa kinakuuma wapi?"

"Hapa, nyuma," Baba akasema, akamwonyesha.

Aili akaweka kiganja chake pale, akakiacha mpaka baba yake akasinzia.