Chupa Zilizopakwa Rangi Nyekundu

Majirani zangu, na ninyi msio majirani zangu lakini mna watoto ndani ya nyumba, nitegeeni sikio kidogo. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa saluni ya msusi wetu, na mshona viatu huinamisha kichwa tu, masikio huyaacha wazi. Mengi ya haya niliyaona au niliyasikia. Yaliyobaki wenyewe wamenisimulia, tena kwa ruhusa yao. Waliniambia, "Waeleze watu, fundi. Usitufiche."

Ng'ambo ya barabara ilikaa familia ya fundi rangi: mume, mke na watoto wawili. Mkubwa alikuwa msichana wa sekondari ambaye mtaa mzima tulimwita Maswali, kwa sababu hakuwahi kuridhika na jibu la kwanza. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza umejuaje. Mdogo wake alikuwa mvulana wa miaka mitatu, nasi tukambandika jina la Bosi. Alitembea mikono nyuma, tumbo mbele, akikagua kazi za watu. Asubuhi dada yake alimvusha barabara, naye akasimama mbele ya kibanda changu na kuniuliza, "Fundi, umemaliza?" Nikimjibu bado, alitikisa kichwa kama mwajiri aliyechoshwa na vibarua. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Alasiri moja ya jua kali, fundi rangi alirudi kazini mapema, akaketi uani kuosha brashi zake. Mafuta ya taa ya kuoshea aliyaweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, kama tulivyozoea sote. Mkewe alikuwa ndani anakunja nguo, redio inaimba taratibu, Maswali amekaa mlangoni na hesabu zake. Nyumba ilikuwa imetulia. Mteja akamwita fundi rangi nje, anataka kujua dari ipakwe rangi gani. Fundi akainuka, akaiacha chupa kwenye ngazi ya mlango, haina hata kifuniko.

Bosi alitoka kucheza, kiu imemkaba. Akaona chupa ya maji.

Maswali alisikia kikohozi. Alipogeuka, mdogo wake ameshika chupa kwa mikono miwili na macho yamemtoka. "Mama," aliita, "Bosi amekunywa mafuta."

Yaliyofuata mnayajua, maana yametokea hata kwenu. Ua ulijaa watu kabla mama hajafika mlangoni. Huyu anasema mpeni maziwa, yule anasema mpeni mafuta ya kupikia, na wote kwa pamoja wanasema mtapisheni, mtapisheni yatoke. Mimi nilikimbilia barabara kuu kutafuta gari. Msusi alikuwa wa kwanza kumfikia mtoto, kitana bado kimechomeka nyweleni mwake. Mwanamke yule hakujaaliwa mtoto, na Bosi alikuwa roho yake. Alimpakata, akamnywesha maziwa, akamtia vidole kooni. Mtoto akatapika, akapaliwa, akatapika tena. Watu wakashusha pumzi: afadhali, yametoka. Niliporudi na gari wakaniambia ningoje kidogo, mtoto ameanza kutulia.

Hakuwa ametulia. Alikuwa anaishiwa pumzi. Tulimfikisha hospitali midomo imebadilika rangi, na kesho yake, jua likiwa juu, Bosi akafariki.

Daktari wa watoto, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliwaita wazazi kwenye kiti cha korido. Aliwapa pole, akawaeleza kwamba mafuta yaliingia mapafuni. Baba aliinamisha kichwa. Mama alilia. Aliyeuliza alikuwa Maswali.

"Daktari, mafuta aliyanywa. Si yalikwenda tumboni? Mapafuni yalifikaje?"

Daktari alimtazama. "Mafuta ya taa yakiwa tumboni, mara nyingi mwili huyavumilia. Hatari yake ni pumzi. Mtu akitapishwa, yanapanda juu, na yakipanda yanaingia njia ya hewa."

"Kwa hiyo tusingemtapisha, angepona?"

Wengine wangesema ni mapenzi ya Mungu, wakaondoka. Daktari yule alikaa chini kando yake. "Sina hakika, mwanangu. Lakini nafasi yake ya kupona ingekuwa kubwa zaidi. Nakwambia kwa sababu umeuliza, na anayeuliza hivyo anastahili jibu."

Basi nyumba ile ikapasuka vipande. Fundi rangi aliacha kazi. Brashi zake zikakauka na kuwa ngumu kama vigae. Alikaa kitandani akijihesabia makosa ya chupa ile. Mke wake hakumlaumu kwa mdomo, ila hakumwambia neno lolote lingine pia. Na kwa msusi, aliacha kabisa kupita. Alizunguka barabara ya nyuma ili asipite mlangoni pa saluni. Msusi alidhani ni majonzi tu. Kila wiki aliniuliza, "Fundi, mwenzangu nimemkosea nini?" Nami sikujua, kwa kuwa maneno ya daktari yalikuwa yamefungiwa ndani ya familia.

Maswali ndiye aliyebaki na mzigo. Aliniambia baadaye kwamba alijisikia kama mtu aliyemeza jiwe. Aliacha kulia, akaanza kusoma. Kabla ya hapo alikuwa wa katikati darasani, mwenye maswali mengi na majibu ya wastani. Sasa alikaa na vitabu vya kemia na biolojia mpaka mwalimu wake akamwambia apumzike. Akajibu, "Mwalimu, nataka kuwa daktari wa watoto." Wenzake walicheka. Hakuwajali.

Jumamosi alikwenda zahanati kujitolea. Alipima watoto uzito, alifagia, alibeba maji, aliongoza wazee kwenye foleni. Huko aliona kumbe Bosi hakuwa peke yake. Waliletwa watoto waliokunywa mafuta, waliokunywa dawa ya kung'arishia nguo, waliomeza sumu ya panya iliyowekwa kwenye kopo la maziwa. Karibu wote walikuwa wametapishwa nyumbani kwanza.

Akaamua kupita nyumba kwa nyumba. Jamani, alifukuzwa. Mwanamke mmoja alimwambia, "Kwenu mmezika, ndiyo mnakuja kutufundisha sisi?" Alirudi zahanati macho mekundu. Muuguzi mkuu akamwambia, "Watu hawamsikilizi mtoto wa shule. Tafuta mtu ambaye mtaa unamsikiliza, umtangulize."

Maswali alimjua mtu huyo. Nani huusikiliza mtaa kutwa nzima, naye husikilizwa? Ni mwanamke aliyeshika kichwa chako mikononi mwake.

Aliingia saluni asubuhi moja, kabla ya wateja. Mimi nilikuwa napiga soli, nikaacha nyundo.

"Karibu, mwanangu," msusi alisema. "Nilidhani mmenisusa."

"Shangazi, nina jambo. Nikikwambia litakuumiza. Nisipokwambia, watoto wengine watakufa."

Alimweleza yote, polepole, kama daktari alivyomweleza yeye. Kisha nikasikia kiti kikianguka, na kilio ambacho sitaki kukisikia tena.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemuua. Mikono hii."

"Hapana, Shangazi. Ulifanya tulichokijua sote. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuletea kikombe cha maziwa. Hatukujua. Sasa tunajua, na sasa tukinyamaza ndipo tutakuwa na kosa."

"Unataka nini kwangu?"

"Nataka useme. Kila mwanamke anayekaa kwenye kiti hiki, mwambie. Mimi wananifukuza."

Msusi alifunga saluni kwa siku kadhaa. Tulidhani hatafungua tena. Alipofungua, mteja wa kwanza alipoketi tu, nilimsikia akianza: "Dada, kabla sijakutia kitana, nikuulize. Mafuta ya taa kwako yanakaa kwenye chupa gani?" Na alipoulizwa kwa nini, hakujificha. "Kwa sababu mimi nilimtapisha mtoto niliyempenda kuliko nafsi yangu, akafa. Nisikilize usiwe kama mimi." Nani angemfukuza mtu anayesema hivyo? Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na msusi wetu alijivua mbele ya mtaa mzima.

Ilibaki baba. Maswali alikwenda kukaa pembeni ya kitanda chake.

"Baba, nahitaji rangi nyekundu."

"Ya nini?"

"Kila chupa yenye sumu mtaani ipakwe nyekundu, iwekwe juu mtoto asipofika. Asiyejua kusoma aelewe, na mtoto afundishwe kwamba nyekundu haiguswi."

"Unataka watu wakumbuke kwamba chupa ilikuwa yangu?"

"Watu wanakumbuka tayari, Baba. Nataka wakumbuke kwamba ni wewe uliyezipaka hizi."

Jumamosi iliyofuata tulimwona akivuka barabara na kopo la rangi, amenyoa ndevu, brashi mpya mkononi. Walipita nyumba kwa nyumba, baba na binti, na mara hii milango ilifunguliwa, maana kina mama walikuwa wameshasikia habari saluni. Kwangu alipaka chupa ya gundi ya viatu. Nilimwambia amepaka vizuri mno, sasa chupa inapendeza kuliko kibanda. Akatabasamu. Nilikuwa sijaona meno ya mtu yule tangu msiba.

Sasa sikieni jambo ambalo mtaa huu utajivunia mpaka mwisho. Kuna mama alihamia kwetu kutoka mbali, hajakaa hata wiki, hajapakwa chupa yoyote. Mwanawe akanywa dawa ya kung'arishia nguo iliyokuwa ndani ya chupa ya soda. Mama akaja mbio barabarani na mtoto begani, watu wakamzunguka, na mmoja akaleta maziwa. Maswali hakuwepo, alikuwa kwenye chumba cha mtihani. Aliyetoka alikuwa msusi. Alisimama katikati yao, akanyoosha mikono.

"Hakuna atakayemtapisha mtoto huyu. Kikombe hicho kirudishe. Mama, chupa iko wapi? Nenda nayo. Fundi, gari."

Gari nilikuwa nimeshalisimamisha. Walimsukutua mtoto kinywa kwa maji safi, wakaondoka naye, chupa mapajani mwa mama. Hospitalini walijua papo hapo alichokunywa. Mtoto yule alilazwa, akatibiwa, akarudi. Leo anasoma darasa la kwanza na ni mtundu kupindukia. Juzi ameiba kisigino cha kiatu kibandani kwangu, nami sikumchapa.

Njia ya Maswali haikunyooka. Mtihani wa kwanza fizikia ilimwangusha, na wenye midomo wakasema udaktari una wenyewe. Alirudia mwaka. Mchana alikaa kwenye benchi ya saluni akisoma, na wateja waliambiwa wapunguze sauti. Hebu fikirini, saluni ya watu kunong'ona. Matokeo yalipotoka, alikuwa amechaguliwa kusomea udaktari, wa kwanza kutoka mtaa wetu tangu mtaa ujengwe. Fundi rangi alipita kila duka akitoa habari, hata kwa watu aliokuwa ameshawaambia. Mimi nilimshonea msichana viatu vya ngozi nyeusi, imara, vya kutembea wodini. Nilipomwambia asubiri nivipige rangi mara ya mwisho, akaniuliza ngozi hunyonyaje rangi. Hajabadilika.

Siku moja kabla ya safari ya chuo, nikiwa nainamia kazi yangu, niliona miguu ya mwanamke imesimama mlangoni mwa saluni. Ilisimama pale muda mrefu. Nilipoinua macho nilimkuta mke wa fundi rangi. Tangu mazishi hakuwahi kukanyaga pale. Nywele zake alikuwa akizifunga kitambaa tu miaka yote ile.

Ndani, msusi aliacha alichokuwa akifanya. Mke wa fundi rangi aliingia, akaketi kwenye kiti, akafungua kitambaa chake na kukiweka mapajani.

"Nisuke vizuri, mama mwenzangu," alisema. "Kesho tunampeleka daktari wetu chuoni."

Msusi alichukua kitana, lakini ilimbidi kwanza ajifute macho.

FUNZO

Ndugu zangu, sumu haina mahali ndani ya chupa ya maji, ya soda wala kopo la maziwa. Iwekeni kwenye chombo chake, juu, mbali na mikono midogo. Na mtoto akinywa mafuta au dawa, mapenzi peke yake hayatoshi. Mtu anaweza kuua kwa kupenda asipojua. Msimtapishe. Msimnyweshe maziwa wala mafuta. Mpelekeni hospitali mara moja, na chupa aliyonywea mwende nayo.

Tena jifunzeni kwa msichana huyu. Uchungu ukifungiwa ndani hugeuka chuki, huvunja ndoa na ujirani. Yeye aliutoa nje ukawa kazi. Alimwambia ukweli aliyekosea bila kumtupa, akamnyanyua baba yake, na kabla hajavaa koti la daktari alikuwa ameshaokoa mtoto ambaye hakuwahi kumwona. Mtoto wenu akiwauliza maswali, msimnyamazishe. Mjibuni, na msipojua, mpelekeni kwa anayejua.