Chembe ya Woga

Sindano ilikwisha ingia shingoni.

Mpelelezi Ihirwe alianguka kwenye marobota ya vitambaa, Glock yake ikateleza sakafuni. Chini ya ghorofa, vyerehani vya mtaa wa Nyamirambo viliendelea kulia kama kawaida.

Léonce aliiokota bastola, akamwonyesha chupa ndogo kuliko kidole. Akajigamba. Vipande vya chini ya ubongo wa mbuzi, maelfu kwa maelfu kutoka machinjioni, vilisagwa, vikachujwa na kutenganishwa kwa miaka mpaka ikabaki chembe safi: ile inayouamuru mwili uogope. Kazi ya Mutesi, mkemia. Yeye Léonce, msaidizi wake, ameiiba. Ng'ambo ya mpaka wanamngoja watu wanaotaka kuwatesa wafungwa bila kuacha alama.

"Sasa utaogopa hata kivuli chako."

Akashuka ngazi. Hakumfunga hata kamba. Dharau hiyo!

Na Ihirwe aliogopa, jamani. Moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka. Aliogopa mlango. Aliogopa pumzi yake mwenyewe. Katika kipokea sauti sikioni, sauti ya mkuu wake Mutsinzi ikakwaruza.

"Uko wapi?"

"Amenidunga."

"Unaweza kutembea?"

"Naogopa, afande."

"Akipanda basi Nyabugogo, tumempoteza."

Alishuka ngazi kwa makalio, kama mtoto, machozi yakimtiririka.

Barabarani Léonce alikwisha simamisha pikipiki. Lakini Kigali abiria haondoki bila kofia ngumu, na dereva alikuwa amemkabidhi ile ya abiria. Bastola kiunoni, mikono yote miwili chini ya kidevu, anahangaika na kifungo.

Hapo hapo.

Ihirwe alimvamia kwa nyuma, akachomoa Glock, akamgusa nayo mgongoni.

"Usishushe mikono."

Askari wa Mutsinzi walipomchukua, simu ya Ihirwe ikalia. Mutesi.

"Dada, pole sana, nimeambiwa amekudunga. Ile dawa niliibadilisha asubuhi. Léonce alikuwa karibu yangu, singeweza kukwambia. Ile iko maji na chumvi tu. Yenyewe iko kwangu kwenye friji, nyuma ya maziwa."

Ihirwe alitazama vidole vyake. Bado vilitetemeka. Maji na chumvi! Basi woga wote ule ulikuwa wake mwenyewe.

Alivaa miwani ya Ray-Ban. Yule dereva akamnyooshea kofia.

"Tugende, madamu?"

"Nitatembea," alisema, akaondoka taratibu, mikono mfukoni.

Kusema kweli, kile kifungo cha kofia asingekiweza.