Chungu cha Biasha

Uwesu wa kijiji cha Kiegei hakujua kupika ugali wa mtu mmoja. Kila jioni alisonga wa watu wawili. Nusu alikula, nusu aliwapa kuku. Kuku walinenepa, yeye akakonda. Mke wake, Biasha, alifariki mwaka 1998, na watoto wao walikuwa wamehamia Dar es Salaam. Majirani walimsalimia njiani, lakini hawakumtaja Biasha tena. Waliogopa kumtonesha kidonda. Hawakujua kwamba kimya chao ndicho kilichomuuma zaidi.

Biasha alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilipikiwa mboga Nachingwea yote, na vingine vilifika Ruangwa. Baada ya arobaini, ndugu waligawana vyombo vyake. Uwesu alibaki na chungu kimoja tu. Akasikia kwamba mjini Nachingwea kuna makumbusho, nyumba ya kutunza vitu vya zamani. Akakipeleka chungu huko, ili jina la mke wake lisipotee.

Asubuhi moja mwaka 2001 alipanda baiskeli kwenda kukiangalia. Alikuta makumbusho imekua. Zamani ilikuwa meza moja yenye vinu na majembe. Sasa ilikuwa vyumba viwili vilivyojaa ngoma, mikeka, nyundo za wahunzi na vyuma vya trekta vya enzi za mashamba ya karanga ya wakoloni. Kwenye rafu palikuwa na vyungu kumi na kimoja. Mbele ya vyungu hivyo kulikuwa na karatasi. Uwesu alijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo alisoma polepole, kidole kikifuata herufi: "Vyungu. Nachingwea." Akaigeuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Shikamoo, mzee," alisema mtunzaji. Aliitwa Scholastika, na alikuwa na miezi miwili tu tangu ahamie kutoka Songea.

"Marahaba, mwanangu. Natafuta jina la mke wangu. Silioni."

Scholastika alimpa kiti, akasikiliza habari yote.

"Aliyenitangulia alipokea vitu vingi," alisema, "lakini hakuandika vimetoka kwa nani. Sasa tusaidiane, mzee. Unaweza kukitambua chungu chenu?"

Uwesu aliviangalia kimoja kimoja. Akatenga vitatu vinavyofanana. Hapo akakwama.

"Chetu kilikuwa cheusi sana upande mmoja," alisema. "Figa letu moja lilikuwa fupi, moto ukawa unatokea upande huo huo. Biasha aliniambia kila siku nilete jiwe jingine. Sikuleta."

"Lakini hivi vyote ni visafi."

"Nilikisugua mwenyewe, mwanangu. Siku mbili, kwa jivu na mchanga. Kwetu mtu hapeleki chombo kichafu kwa watu. Watasema mkeo hakufundwa."

Scholastika hakucheka. "Ulifanya kwa heshima, na wengi wanafanya hivyo. Lakini kitu cha makumbusho hakisuguliwi. Masizi yale yangetueleza jiko lenu. Ukileta kitu, kilete kama kilivyo. Vumbi tutalipangusa sisi kwa brashi laini."

Uwesu aliona kama amemfuta mke wake kwa mikono yake mwenyewe. Akalia mbele ya mtu asiyemjua.

"Basi andika jina lake kwenye hiki cha katikati," alisema. "Inatosha."

"Hapana, mzee. Tukikisia, huenda tukampa kazi ya mwanamke mwingine. Tutaandika tunachojua tu, kwamba ni kimoja kati ya hivi vitatu. Je, nyumbani hakuna kitu kingine alichofanyia kazi?"

Uwesu alirudi akapekua nyumba nzima. Nyuma ya pipa la nafaka alikuta kipande cha kibuyu. Biasha alikitumia kulainisha vyungu. Kilikuwa kimegandiwa na udongo mkavu. Kwa mazoea Uwesu alikipeleka kwenye beseni la maji. Mkono ukasita. Kwenye udongo ule palikuwa na alama ya kidole gumba. Kilikuwa kidole kidogo kuliko chake.

Alikifunga kwenye khanga bila kukiosha, akakipeleka. Scholastika alifungua daftari kubwa. Alikipa kibuyu namba, akaiandika kwenye kadi na kuifunga kwa uzi. Kisha akauliza. Nani alikitumia? Alijifunza kazi kwa nani? Udongo aliuchota wapi? Alikuwa mtu wa namna gani?

Swali la mwisho lilimshtua Uwesu. Miaka mitatu hakuna aliyemuuliza. Alieleza jinsi Biasha alivyoimba akikanda udongo, alivyokuwa mwepesi wa kununa, alivyokataa kumuuzia mtu chungu chenye ufa. Kurasa nne zilijaa, na kwenye kadi likaandikwa jina la Biasha wa Kiegei. Uwesu akatia sahihi, akapewa nakala.

Watu wengine waliposikia, nao wakaanza kuleta vitu bila kuvisugua, na kueleza habari za vitu hivyo.

Baada ya miezi miwili, mwanamke mmoja alipiga hodi kwa Uwesu.

"Naitwa Mwamina, natoka Chiola," alisema. "Nimesoma kadi kule makumbusho. Bibi Biasha ndiye aliyenifundisha kufinyanga. Sikujua kama amefariki. Nimekuja kukupa pole, babu, na kusikia habari zake."

Uwesu alimkaribisha mkekani, akachemsha chai. Ndipo alipogundua kwamba ana kikombe kimoja tu. Akaenda kwa jirani yake, Fatu, kuazima cha pili.

"Una mgeni leo?" Fatu aliuliza.

"Ninaye," alisema Uwesu. "Ni mgeni wa Biasha."