Neno "Tu" na Kiraka Cheupe

Asubuhi ile ukungu ulilala barabarani kama shuka isiyokunjwa. Ndani, cherehani iliimba taratibu. Mara fundi akapiga chafya. Uzi ukakatika.

"Nenda kituo cha afya, mume wangu," mkewe akasema. Alikuwa na mimba kubwa, ameshika kiuno.

"Ni mafua tu."

"Tu!" Mama yake fundi akacheka huko jikoni. "Marehemu baba yako alikuja kwetu kunywa maji tu. Akakaa mpaka ukazaliwa wewe."

Kinyozi wa jirani alikohoa. Muuza mkaa alikohoa. Wote walisema ni mafua tu. Hakuna aliyekwenda kituoni.

Kufikia jioni fundi alikuwa moto kama pasi. Akalala. Katika usingizi wa homa aliona kitambaa cheupe kikielea hewani. Rangi nyekundu ilisambaa ndani yake, polepole, kama inavyosambaa kwenye nguo iliyolowa.

Alipofumbua macho, jirani yao, mhudumu wa afya, alikuwa mlangoni, amevaa barakoa. Mkewe ndiye aliyemwita.

"Shemeji, tazama," mhudumu akasema, akamwonyesha ramani kwenye simu.

Fundi akashtuka. Kitambaa kilekile!

"Kila wiki vituo vyote hutuma idadi ya wenye homa na kikohozi," mhudumu alieleza. "Wengine tunawapima ute wa pua, tujue kama ni homa ya mafua, ile kali, si mafua ya kawaida. Eneo lenye wagonjwa wengi linapakwa rangi. Juzi ilikuwa mbali. Sasa inatujia."

"Lakini kwetu ni kweupe. Si tuko salama?"

"Kweupe kwa sababu hamji! Mteja akikataa kupimwa, wewe unakataje nguo?"

"Nabahatisha. Halafu ananitukana."

"Basi na sisi tunabahatisha. Dawa na wahudumu hupelekwa penye rangi. Na homa hii humwelemea sana mjamzito."

Fundi akamtazama mkewe. Tumbo lilipanda na kushuka, kama kitu kinachoota ndoto.

"Nipime," akasema. Akainua kidevu, kama mteja anayepimwa shingo.

Kisha akawapigia simu kinyozi na muuza mkaa. Nao wakawaambia wengine. Watu wakaenda kituoni, na kiraka cheupe cha kwao kwenye ramani kikapata rangi. Dawa zikaletwa. Nyumbani, fundi alilala chumba cha peke yake. Madirisha yalifunguliwa. Walikohoa kwenye kiwiko, wakanawa mikono kwa sabuni.

Hata hivyo, mke naye akapata homa. Safari hii hakuna aliyesubiri. Alipelekwa kituoni mara moja, akapewa dawa mapema, akapona.

Rangi ikafifia kwenye ramani, kidogo kidogo, kama ndoto asubuhi. Huo sasa ulikuwa weupe wa kweli.

Mtoto akazaliwa mzima. Siku moja akapiga chafya. Fundi akaruka. "Simu yangu iko wapi?"

"Ni chafya tu," mkewe akasema.

Wote wakatazamana.

Bibi akainama, akamnong'oneza mtoto: "Jihadhari na neno hilo, mjukuu wangu. Ndilo lililoniletea babu yako."