Sauti Iliyozibwa kwa Bolti

Wiki iliyopita mwalimu, jirani yangu wa nyumba ya tatu, alinijia na shati mkononi. Kifungo kimedondoka, eti nimshonee. Nikamtazama. "Mwanangu, mkeo ndiye mshonaji wa mtaa mzima, na wewe unaniletea mimi, kizee ambaye kutunga uzi tu ni mara kumi?" Akakaa kwenye kigoda, akanieleza kwa nini hawezi kumpa mkewe sindano. Nawasimulia na ninyi, wake kwa waume, bila kutia chumvi.

Ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi mwalimu husahihisha madaftari mezani, mkewe yuko dirishani kwenye cherehani yake ya miguu, tiki-tiki-tiki, sare za shule zinarundikana. Mwalimu hapendi kelele.

"Mama watoto, hebu lipumzishe hilo lidude."

"Nikilipumzisha, na wewe utalipumzisha tumbo," mkewe hujibu huku akicheka, na mguu hausimami.

Basi siku moja gari lao likaanza kutoa sauti. Ukiliwasha tu, ssss, kama tairi linaloishiwa upepo, na ukikanyaga breki sauti inabadilika. Mwalimu alivumilia siku mbili. Ya tatu akalipeleka kwa fundi ambaye watu humwita Sikio.

Sikio hakukimbilia spana. Alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaitia sikioni, nyingine akaitembeza juu ya injini polepole, kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Akasimama mahali pamoja.

"Kanyaga breki, mwalimu. Achia. Kanyaga tena." Akainua uso. "Nimeupata. Huu mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye breki umepasuka. Ndio unaousaidia mguu wako. Bila huu, breki inakuwa nzito kama jiwe. Sina mwingine hapa. Niachie gari mpaka kesho."

"Kesho? Saa nane nina kikao cha wazazi! Ziba hapo, kelele iishe."

"Kelele itaisha, mwalimu. Ubovu utabaki."

"Wewe ziba bwana, kichwa kinaniuma."

Na fundi naye lawama yake anayo, kwa sababu alijua na bado akaziba. Akaukata mpira pale ulipopasuka, akachomeka bolti nene, akakaza kwa bana. Ssss ikakatika.

"Uendeshe taratibu. Na shemeji asiliguse kabisa mpaka nilitengeneze. Mwambie."

"Sawa, sawa."

Jioni ile mwalimu aliuona uzito wa breki, lakini akajipa moyo kwamba mguu wa mwanaume utaimudu. Kumwambia mkewe? Angeulizwa kwa nini hakusubiri, na maswali hakuyataka. Jamani, hapo ndipo nyumba ilipobomoka, na hakuna aliyesikia mlio.

Asubuhi mkewe akapakia sare garini, akawasha, akakanyaga breki mara mbili, akazima na kurudi ndani.

"Baba watoto, hiyo breki ina nini? Imegoma kama ukuta."

"Si imetengenezwa jana?"

"Miaka kumi na tano nakanyaga pedeli mimi. Mguu wangu unaijua pedeli inayoumwa."

Mwalimu hakuinua macho kwenye madaftari. "Leo uzito, kesho sijui nini. Wewe huishiwi! Nenda, shule zinakusubiri."

Mkewe alisimama kidogo mlangoni, funguo mkononi. "Haya," akasema. Neno hilo mwalimu analisikia mpaka leo.

Kwenye mteremko wa sokoni, mkokoteni wa matofali ukakata barabara. Mama wa watu alikanyaga kwa miguu yote miwili. Gari halikusimama. Ili asimuue mwenye mkokoteni, akalielekeza kwenye ukuta wa ghala. Roho yake ilinusurika, lakini mguu wa kulia waliukata juu ya goti.

Fundi Sikio alifika hospitali na ule mpira mpya mkononi, hauzidi urefu wa kiganja. Hata sijui alidhani utasaidia nini pale. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ulimwambia?"

Mwalimu akatazama sakafu. Mkewe akawatazama wote wawili. "Aniambie nini?"

Fundi akaufutika ule mpira mfukoni, na mkewe hakurudia kuuliza. Tangu siku ile hamwambii mumewe jambo. Paa likivuja, hasemi. Maziwa yakichacha, hasemi. Mwalimu alimletea cherehani ya mkono, bado imo kwenye boksi lake. Alitaka kimya, na sasa anacho nyumba nzima.

Funzo

Wanangu, mwenzako akikuambia kuna kitu hakiko sawa, usimnyamazishe ili wewe upate utulivu. Simama, msikilize, utafute ubovu ulipo na uutengeneze. Fundi, kazi ukijua ni ya hatari, kataa, hata mteja akinuna. Na wewe uliyeijua hatari, iseme mapema. Utaona aibu, ndiyo, lakini aibu haimkati mtu mguu.

Kifungo sikukishona. Nilimrudishia mwalimu shati lake pamoja na sindano yenye uzi. "Mpelekee mkeo. Lakini kabla ya shati, mwambie."

Kesho yake alipita kunieleza. Alikuwa amemwambia yote: bolti, onyo la fundi, ile sawa-sawa yake. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua tangu hospitali," akasema. "Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Akapokea shati, akashona kifungo, akakata uzi kwa meno, akageukia ukutani na kulala. Mwalimu alikaa pembeni ya cherehani ya miguu akiisikiliza pumzi ya mkewe. Akanyoosha mguu, akaikanyaga pedeli mara moja, tiki, akaogopa kumwamsha. Kisha naye usingizi ukamchukua hapo hapo kitini, shati limemlalia mapajani.