Mhariri na Washenga Wake wa Kijerumani

Naapa kwa meno yangu matatu yaliyobaki: humu hamna hata chembe ya uongo.

Jepkosgei, Mkenya anayehudumia wazee kule Laurel, Maryland, alikuwa akimsukuma bibi Edna kwenye kiti chake cha magurudumu, katikati ya umati wa tamasha la kwaya za Kijerumani, alipogongana na kijana mweusi aliyebeba magazeti hadi kidevuni. Magazeti yakamwagika sakafuni.

"Wee! Macho umeyaacha wapi?"

"Kwa hiyo robe yako, dada," kijana akajibu kwa Kiswahili cha Bujumbura. Gauni lilikuwa la kitenge cha manjano, limemkaa kana kwamba alizaliwa nalo. "Kosa ni yake, si yangu."

Jepkosgei alikuwa akitafuta jibu la kuchoma alipoona ajabu. Wazee wa Kijerumani walikuwa wamesimama wima, kofia zenye unyoya zimeshikwa vifuani. Kwa ajili ya kijana huyu!

"Ndiye mhariri wetu," Edna akanong'ona.

Yohan Nzeyimana alizaliwa Burundi, akalelewa ukimbizini katika bonde moja la Ujerumani, mpaka lahaja ya huko akaijua kuliko wajukuu wa wenyewe. Sasa, akiwa Marekani, alihariri gazeti la kila mwezi la watu wa bonde hilo waliohamia Maryland na Virginia. Nani kafa, nani kaoa, kwaya ipi itaimba wapi: yote yalipita mkononi mwake. Wimbo usiochapwa gazetini haukuimbwa. Siku ile aliinua kidole kimoja, watu mia nne wakanyamaza, na nzi aliyekuwa hewani akatua kwanza.

Miezi minne simu hazikupoa.

"Umekula, mhariri wangu?"

"Nitakula aje na sijasikia sauti yako, chérie?"

"Muongo wewe. Haya, endelea."

Ikafika Jumamosi ya Yohan kujitambulisha kwa Audrey, shangazi yake Jepkosgei, kule Bowie. Mbuzi akachomwa, mursik, maziwa ya mgando, ikatolewa kibuyuni, wajomba wakafunga tai. Yohan hakutokea, na simu yake ilikuwa imezimwa. Jioni mjomba Kipkemboi akalegeza tai. "Huyo ametupima," akasema, "akatuona wepesi."

Kesho yake Yohan akapiga.

"Nisamehe, Jepko. Mzee Ferdinand alikuwa anakata roho. Alikuwa na wimbo wa mavuno, hakuna mwingine anaujua wote. Pale mhariri anaitwa kabla ya padri, na simu inabaki inje."

"Mimi nimesimama mlangoni kama sanamu, shangazi ananiangalia kwa huruma! Kwa wimbo mmoja, Yohan?"

"Mmoja wa mwisho."

Jepkosgei akamkatia simu.

Lakini Edna alitaka kupelekwa mazishini, na kazi ni kazi. Kanisani kila mtu alishika toleo maalumu la gazeti, wimbo wa Ferdinand ukiwa ukurasa wa mbele. Yohan akainua kidole. Sauti mia nne zikauimba wimbo ambao wiki iliyopita ulikuwa umebaki katika kifua kimoja kinachozima. Vioo vikatetemeka. Edna, ambaye hakuwa amesimama kwa miaka sita, alisimama.

"Mama aliuimba jikoni," akasema, machozi yakimdondoka. "Nilikuwa na miaka saba. Nilidhani nimeuota."

Baadaye Jepkosgei alimfuata Yohan nje.

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Jumamosi, saa nane. Na uje na wazee wako. Kwetu mtu hajiposei."

"Mimi sina baba, Jepko." Akageuka kuutazama ule umati uliokuwa ukitoka kanisani. "Lakini wazee niko nao."

Saa nane ya Wakenya wa Bowie huwa saa kumi na moja. Saa nane kasoro dakika moja basi likasimama, wakashuka Wajerumani arobaini na tarumbeta. Shangazi Audrey alifungua mlango na rola za nywele kichwani, leso kiunoni.

Edna ndiye aliyesema. "Huyu anatuzika, anatangaza ndoa zetu, anatutunzia nyimbo. Sisi ndio ukoo wake. Kosa la siku ile ni letu. Tuadhibuni sisi."

"Kijana anayeitwa pale mzee anapokata roho," Kipkemboi akasema, "si mtu wa kurudishwa mlangoni. Mpeni mursik."

"Na ukizima simu tena?" Jepkosgei akamuuliza Yohan.

"Siku hiyo utakuwa kando yangu, mpenzi."

Nami nilikuwepo, nikawahesabu wale arobaini kichwa kwa kichwa.

"Mzee," Jepkosgei akaniambia alipoyasoma haya, "walikuwa wanne, ndani ya gari la Edna. Tarumbeta hakuna. Na wewe ulikuwa Annandale unaangalia mpira."

Nyumbani kwake muongo huosha sufuria, na harusi yake na Yohan imepita juzi, sufuria tele. Nimemaliza saba. Nilipomuuliza kuhusu ule wimbo wa kanisani, alisema hapo sikuongeza kitu, akaniletea ya nane.