Namba Niliyoiandika Kwenye Kioo

Jua lilikuwa linazama, nami nafunga kibanda changu cha kutengeneza simu, mjane wa kinyozi alipoingia. Marehemu mumewe tulipakana ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyekuwa akininyoa. Mama hakutaka hata kukaa.

"Fundi, ile simu ya marehemu. Unaweza kuifunga ukiwa hapa hapa?"

"Imepotea?"

"Ifunge tu, baba."

Hilo halikunisumbua. Wazee wengi mtaani hawana barua pepe, kwa hiyo simu zao nazisajili kwa yangu. Nikitaka kujua iko wapi, naangalia ramani tu. Nikaangalia. Kitone cha buluu kilikuwa kimetulia nje ya mji, penye makaburi.

Chaji: mia kwa mia.

Nikamtazama mama. Alikuwa analia.

"Ilisahaulika mfukoni, kwenye suti tuliyomzika nayo," alinong'ona. "Miezi sasa. Kila magharibi inampigia binti yangu... Jana nimemkuta mlangoni, keshavaa viatu. Anasema baba anamngoja."

Yule binti nilimjua tangu anatambaa.

Nikabonyeza kufunga. Simu ikifungwa hivyo haipigi popote, isipokuwa namba moja unayoiandika itokee kwenye kioo, ili aliyeiokota akupigie. Akili haikuwepo. Nikaandika namba ninayowaandikia wateja wote.

Yangu.

Njiani nilipata ujumbe wa mjane: magharibi imepita kimya, binti ametulia. Nilifurahi kweli. Nikafika nyumbani, nikaiweka simu kwenye chaji, nikaingia kuoga.

Nikiwa na povu usoni, harufu ikanijia. Poda... na spiriti ya kufutia wembe.

Halafu mlio, kutoka sebuleni.

Mzzzz... mzzzz...

Mashine ya kunyolea.

Nilitoka mbio na taulo. Mke wangu, mikono imejaa unga, alikuwa ndiyo kwanza anakata simu yangu kwa kidole kidogo.

"Nani huyo?"

"Mteja wako. Nilimweka spika, mikono michafu. Mzee mpole kweli! Anasema umemfungia simu, hana mwingine wa kumpigia." Akacheka. "Eti nywele zako zimekuwa msitu. Kaniuliza kwetu ni wapi."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwelekeza. Kwani vibaya?"

Nilifungua ramani. Kitone kilikuwa kimeshatoka makaburini. Kilipita kibandani kwangu bila kusimama... kikakata kona ya mtaa wetu.

Mke wangu akafuta mikono, akaenda kuwasha taa ya mlangoni, mgeni asije akajikwaa.